Kushika fimbo si kujua kijiko: kwa ndugu zangu wa Pemba na Unguja mnaopanda mashine bila kufundishwa

MtuWaKijiko (mwanzisha uzi)

Asalaam alaykum wana jamvi.

Jumamosi magharibi niliitwa Pemba kusini, kijiji sikitaji kwa sababu wenyewe wameniomba, nikasaidie kutoa kijiko, mashine ya kuchimbia, kilicholala ubavu kwenye mteremko juu ya bonde la mpunga. Nilipofika, pikipiki zimekizunguka zinakimulika, mafuta yanachuruzika kuelekea kwenye mpunga, na kijana aliyekuwa akikiendesha keshapelekwa hospitali, mguu umevunjika pahala patatu. Ana miaka 22. Mashine ni ya ami yake. Hajakaa na mwalimu hata siku moja. Alitazama video kwenye simu, akamtazama operata aliyekuwapo kwa wiki mbili, operata alipoondoka kwa ugomvi wa mshahara, yeye akapanda.

Namshukuru Mungu yuko hai. Lakini tangu siku ile sina usingizi, kwa sababu kisa hichi si cha kwanza kukiona na najua si cha mwisho. Siku hizi Unguja na Pemba kila pahala panachimbwa: barabara, hoteli, misingi ya nyumba, makaro. Vijiko vimekuwa vingi kuliko watu wanaovijua. Nimekalia mashine hizi miaka 17, na kabla ya hapo nilikuwa utingo. Naomba mnivumilie, nitaandika kwa urefu.

Watu wanadhani kijiko ni zile fimbo. Kijana anatazama mkono wa operata unavyocheza, anaona hii inanyanyua, hii inakunja, anasema nimeshajua. Na kweli, fimbo utazijua kwa siku mbili. Mashine itakutii, itachimba, itajaza tipa, na hapo ndipo unapojidanganya kuwa wewe ni operata. Kazi ya operata haimo kwenye fimbo. Imo kwenye ardhi iliyo chini yako na uzito ulio mbele yako, na vitu viwili hivyo havionekani kwenye video.

Nieleze kilichotokea, maana nilikuta alama zote chini bado mbichi.

Kile ni kijiko cha matairi, kina ndoo pana mbele na mkono wa kuchimbia nyuma. Uzito wake ni kama tani 8. Kina miguu miwili ya chuma inayoshuka ubavuni kabla ya kuchimba. Aliyewahi kupanda ngalawa anajua kazi ya matengo, zile mbao zinazoelea ubavuni: yakiwepo utasimama ukingoni, yakiondoka chombo kinakulala. Miguu ile ndiyo matengo ya kijiko. Kijana aliinyanyua, kwa sababu kila akisogea mita mbili ilimbidi aishushe tena, akaona inamchelewesha. Ndoo ya mbele nayo ilikuwa juu hewani, ilhali ilitakiwa iegemee chini.

Usiku wa kuamkia siku ile mvua ilinyesha. Udongo wetu wa vilima vya Pemba, ule mwekundu, ukiwa mkavu unaweza kudhani ni saruji. Ukilowa, juu unaonekana umeshikana na chini unateleza kama sabuni. Yeye kachimba asubuhi na mchana kwa usalama, akazidi kujiamini. Alasiri akajaza ndoo ya nyuma na kuuzungusha mkono upande wa bondeni ili amwage udongo huko, karibu na kazi.

Ndoo ile inachukua kama robo ya mita ya ujazo. Udongo uliolowa ni karibu tani 2 kwa mita ya ujazo. Kwa hiyo ni nusu tani, inaning'inia kwenye ncha ya mkono wa mita tano na ushei, upande wa chini wa mteremko, bila matengo. Chukua ndoo ya maji uishike kifuani, kisha uinyooshe mkono mzima mbele yako. Maji hayakuongezeka, lakini bega lako litakwambia tofauti. Mashine haina bega la kukwambia. Tairi la upande wa juu likaachana na ardhi, na baada ya hapo hakuna fimbo iliyoweza kumsaidia.

Akaruka. Akarukia upande ule ule mashine ilipokuwa ikiangukia. Chuma cha kibanda ndicho kilichomkuta mguuni.

---

Binti_Wete

Wa alaykum salaam. Pole kwao jamani, Mungu amponye. Naomba kuuliza, maana kaka yangu naye anafanya kazi hizi: sasa mashine ikianguka mtu asiruke? Mimi ningeruka.

---

MtuWaKijiko

Asiruke, dada yangu. Najua moyo unataka kuruka. Lakini kibanda cha kijiko kimewekewa fremu ya chuma kwa ajili ya siku hiyo hasa, kibebe uzito wa mashine ikigeuka. Usalama uko ndani ya fremu ile, ukiwa umefunga mkanda, umeshika kwa nguvu, umeelemea upande usioangukia. Anayeruka hushindana na tani 8 zinazoshuka, na mara nyingi hushindwa.

Mwambie kaka yako atazame mkanda wake leo. Kwenye kijiko kile nilikuta mkanda umefungwa nyuma ya kiti kwa waya ili usisumbue.

---

Mwekezaji_Chake

Nasema kwa heshima, mtoa mada. Mimi nina vijiko viwili na tipa. Operata wa kweli hapa Pemba ni wa kuhesabu, na wao wanajua kuwa ni wa kuhesabu. Ukimpata, mwezi wa pili anakuhama kwenda kwenye mradi mkubwa Unguja au bara. Mashine imelala, mkopo wa benki haulali. Sasa nifanyeje? Na wazee wetu walijifunza malori kwa utingo, hawakwenda chuo chochote, na walitufikisha salama miaka yote. Mimi naona mnatia watu khofu. Kijana hujifunza kwa kufanya.

---

MtuWaKijiko

Ndugu yangu wa Chake, shida yako naijua na siidharau. Lakini utingo usiufananishe na hichi ninachokisema. Mimi mwenyewe nimetoka utingo. Miaka mitatu nilitia girisi, nilijaza mafuta, nilisafisha minyororo kwa jembe kila jioni, na mwalimu wangu, Mungu amrehemu, hakuniachia fimbo mpaka nikaweza kumwambia asubuhi, kabla hajawasha, mashine ina kasoro gani. Halafu akaniachia kwenye uwanja tambarare, yeye kasimama pale ninapomuona. Huko ndiko kujifunza kwa kufanya. Kijana kuachiwa funguo na kupelekwa kwenye mteremko wa mtu, hapo hakuna anayemfundisha.

Na mimi nina langu la kusema, sijapata kulisema hadharani. Mwaka wangu wa pili wa utingo, mwalimu alikwenda kusali Ijumaa, nikapanda kijiko cha minyororo bila ruhusa. Nilitaka nikisogeze kiache ukingo wa mtaro. Sikujua kwamba kibanda cha juu kinageuka lakini minyororo ya chini haigeuki nacho. Kibanda kikishageuka nyuma mbele, ukisukuma mbele mashine inakwenda nyuma. Nikasukuma mbele, ikarudi nyuma, nikababaika nikasukuma zaidi. Utingo mwenzangu alikuwa amekaa kivulini nyuma yangu, anakula. Alinusurika kwa sababu alisikia kelele za minyororo akajitupa pembeni. Sahani yake ilibaki bapa chini ya mnyororo. Mpaka leo kabla sijasogea natazama kwanza mota za minyororo ziko upande gani, kila siku, hata nikiwa na haraka.

Chengine ambacho video haikwambii: fimbo zenyewe hazifanani mashine zote. Kuna mpangilio ambao mkono mkubwa unauongoza kwa fimbo ya kulia, na kuna mwengine unauongoza kwa fimbo ya kushoto. Mashine zinazotufikia zimetumika Japani, Uingereza, Uarabuni, kila moja na desturi yake. Mtu aliyezoea hii akipanda ile, mambo yakienda shwari ataweza. Ikitokea dharura, mkono wake utafanya ulichozoea. Anataka kushusha, kumbe anaunyoosha mkono mbele, na mbele kuna mtu.

---

Kusini_Paje

Huku kwetu kusini Unguja hatuna udongo wa kuteleza, tuna mawe ya matumbawe, na watu hudhani jiwe ni salama. Jiwe letu lina mapango. Juu unaona mwamba, chini ni tupu. Jambiani, Makunduchi, pote huku kuna mapango, mengine watu huyajua na mengine hakuna anayejua mpaka ardhi ifunguke. Nimeshuhudia kijiko kikitumbukia upande mmoja wa mnyororo kwenye kiwanja ambacho mwenyewe kakijengea ukuta miaka kumi. Aliyekiendesha alikuwa mgeni wa kazi, wazee walimwambia pale pakipigwa panalia kama ngoma, akajibu yeye ana mashine ya tani 20, haogopi ngoma.

Tani 20 ndiyo sababu ya kuogopa.

---

MtuWaKijiko

Ahsante sana Kusini. Umesema neno la operata wa miaka mingi. Mimi nikifika kiwanja cha Micheweni au huko kwenu, kabla ya kushusha mashine kwenye trela naomba mzee wa hapo, aliyezaliwa hapo. Namuuliza pango liko wapi, kisima cha zamani kiko wapi, maji ya masika hupita wapi. Halafu natembea kwa mguu na mtaimbo, nagonga.

Na ndani ya miji kuna makaro. Nyumba nyingi zina karo la pili ambalo limesahauliwa, limezibwa kwa zege na kutiwa mchanga juu. Mashine ya tani 8 haiulizi zege lile lilimwagwa na nani. Na likifunguka, asishuke mtu ndani kumtoa mwenzake bila vifaa, hewa ya karo inaua wa kwanza na anayemfuata.

Watu pia wanapenda kutumia kijiko kama kreni, kufunua mfuniko wa karo. Hesabu ni nyepesi: mfuniko wa mita 2 kwa mita 2, unene sentimita 15, ni mita za ujazo 0.6. Zege ni tani 2.4 kwa mita ya ujazo. Una karibu tani moja na nusu, umeifunga kwa mnyororo wa kuvutia gari kwenye jino la ndoo. Kila mashine ina jedwali lake la mizigo, umbali gani inanyanyua kiasi gani, na mkono ukinyooka kiasi kinashuka sana. Nimemuuliza yule ami wa kijana jedwali liko wapi. Lilikuwa limebandikwa pembeni ya kiti, limepakwa rangi juu mashine ilipopendezeshwa kuuzwa.

---

Muuguzi_P

Nimesoma yote. Mimi ni muuguzi Pemba, sitaji kituo. Naomba niongeze moja ambalo kila nikilieleza watu hawaniamini.

Mabomba ya mafuta ya hizi mashine yana nguvu kubwa sana. Bomba likitoboka tundu dogo kama la sindano, mafuta yanatoka kwa kasi ya kuchoma ngozi na kuingia ndani. Tulimpokea kijana aliyepitisha kiganja kwenye bomba kutafuta pahala panapovuja. Alikuja kesho yake. Kidole kina kitone kidogo tu, kama kachomwa na mwiba wa mchongoma, mwenyewe alisema haina maana, kaletwa na mama yake. Mkono umevimba mpaka kiwiko. Jeraha lile ni la kupasuliwa haraka, saa zinahesabika, kwa sababu mafuta yanaua nyama kwa ndani huku ngozi juu ni nzima. Alipoteza vidole viwili. Tafadhalini, kitone hicho kisilazwe nyumbani kikasubiri kesho, na mkifika hospitali mseme wazi kuwa ni mafuta ya mashine yenye presha, kwa sababu anayekupokea akiona kitone tu anaweza kukufunga plasta.

---

MtuWaKijiko

Dada, Mungu akulipe. Kuvuja kunatafutwa kwa kipande cha boksi au ubao, si kwa mkono, na kabla ya kulishika bomba mashine izimwe na presha itolewe. Mashine za minyororo za tani 20 zinafanya kazi kwa presha ya kiasi cha baa 350. Tairi la gari ndogo ni baa 2 na kitu.

---

Waya_Mkoani

Mimi ni fundi umeme. Ndugu zangu, nyaya za msongo mkubwa hazina ngozi ya mpira. Umeme wetu wa Pemba unatoka Tanga chini ya bahari tangu 2010, ni kilovolti 33, na zile nyaya mnazoziona zikivuka mashamba, umeme wake una uwezo wa kuruka hewani kabla mkono wa kijiko haujazigusa. Ukigusa, kaa ndani, usiguse chuma, mkataze yeyote asikaribie, piga simu shirika la umeme wakate. Ikiwaka moto na huna budi kutoka, ruka miguu miwili pamoja, usishike mashine na ardhi kwa wakati mmoja, kisha uondoke kwa kuburura nyayo bila kuzitenganisha. Anayepiga hatua ndefu umeme unapanda mguu huu unashukia ule.

---

Mwekezaji_Chake

Nimesoma mara mbili. La gharama bado tunatofautiana. Lakini nikiri, kijana wangu mmoja amepanda bila kufundishwa, ni mtoto wa dada yangu. Kesho ana kazi ya mtaro wa maji, urefu mita 60, kina mita 2, karibu na ukuta wa skuli. Nimzuie?

---

MtuWaKijiko

Mzuie, ndugu yangu, nakuomba. Mtaro wa mita 2 ni hatari kuliko kijiko chenyewe. Ukuta wa mtaro uliochimbwa wima unasimama muda wa kumdanganya mtu ashuke kuweka bomba, kisha unakaa chini kwa mara moja, hautoi sauti. Kwenye kazi zinazosimamiwa, ukifika mita moja na nusu hakuna anayeshuka mpaka kuta zimelazwa kwa mteremko au zimeegemezwa kwa mbao na vyuma. Udongo uliotolewa unawekwa mbali na ukingo, angalau sentimita 60, na mimi huweka mita nzima. Mtu akifukiwa mpaka kifuani tu hawezi kuvuta pumzi, kila akitoa hewa udongo unakaza. Na akifukiwa, msimchimbue kwa ndoo ya kijiko. Nimeona wenye mapenzi wakifanya hivyo. Ni koleo na mikono, na kuta ziegemezwe kwanza, la sivyo mnakuwa wawili.

Hapo kuna ukuta wa skuli, watoto, na msingi ambao hujui umeshuka kiasi gani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Zanzibar, Namba 8 ya 2005, inamtaka mwajiri amlinde aliyemuajiri na ampe mafunzo. Wewe ndiwe mwajiri, hata akiwa mtoto wa dada. Lakini sikutishi kwa sheria. Nipigie ujumbe wa faragha, Jumatatu nipo Chake, nitakuja kuuona mtaro bila malipo, tutazame mbao utapata wapi.

---

Kijana_Konde

Kaka, mimi ni kama huyo aliyevunjika. Nina miaka 20, nimeshaendesha mara tano hivi, za kuibia. Napenda kazi hii kwa moyo wote. Nyumbani hakuna fedha za kunipeleka bara. Nianzie wapi?

---

MtuWaKijiko

Mdogo wangu, kwanza acha za kuibia, leo. Kupenda kazi ni rasilimali, usiipeleke kaburini.

Vituo vya Mafunzo ya Amali viko Vitongoji na Daya, ukaanzie ufundi wa magari. Utaona kama nakuzungusha, lakini operata anayejua injini na haidroliki, ule mfumo wa mafuta yenye presha, hakosi kazi. Ukiwa hapo tafuta operata mmoja mwenye subira umfanyie utingo siku za mapumziko. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kozi ya bara itakuja ukishapata kipato, na ukifika huko utakuwa unajua unachokitafuta.

Kuna vitu unaweza kuanza navyo hata bila mashine. Pita kwenye kazi, kaa mbali, usitazame mkono, tazama tairi na ardhi. Hesabu mara ngapi operata anashuka kutembea kwa mguu. Tazama anapoiacha mashine: ndoo imelala chini, fimbo ya kufunga haidroliki imeshushwa, ndipo anatoka. Ile fimbo nyekundu pembeni ya kiti wengi hawaijali. Mtu kavaa kanzu katoka msikitini, anainuka kitini, mfuko wa kanzu unanasa kwenye fimbo, mkono unazunguka na mtu kasimama pale. Usipande na kanzu, na usiinuke kabla hujaifunga.

Jumamosi ijayo nina kazi Mtambile, uwanja tambarare. Njoo saa moja asubuhi na viatu vizito. Hutapanda. Utatia girisi.

---

Binti_Wete

Nimempelekea kaka yangu uzi wote. Vipi hali ya mgonjwa?

---

MtuWaKijiko

Nimetoka kumtazama leo alasiri. Wamemuunga kwa vyuma, homa imeshuka, mama yake yuko naye. Nilimwambia naandika habari yake bila jina, akakubali, akanitaka niongeze jambo moja ambalo alama za chini hazikuweza kunionesha.

Anasema kabla haijalala aliisikia mashine imekuwa nyepesi upande wa juu. Mara mbili. Kila mara tairi lilirudi chini lenyewe, taratibu. Akadhani ndivyo inavyokuwa.